Jinsi ya kumsoma August Wilson

Ukitaka kumjua August Wilson, mwandishi wa tamthilia wa Marekani, usianze na filamu. Anza na tamthilia yake Fences, tena isome kwa sauti, maana mhusika wake mkuu, Troy Maxson, ni mtu wa maneno na ukimsoma kimyakimya utamkosa. Mimi husoma na dada yangu: yeye Rose, mimi Troy. Kila tukifika pale Rose anapomkumbusha mumewe miaka 18 ya ndoa yao, dada hulazimika kutua kidogo.

Baada ya hapo tazama filamu ya Denzel Washington ya 2016, kitabu kikiwa mkononi. Wilson alifariki 2005, lakini skripti ni yake na iliteuliwa kuwania Oscar. Angalia kilichobadilika: tamthilia haitoki uani, filamu inaanzia kwenye gari la taka.

Fences ni sehemu ya mfululizo wa tamthilia 10. Zinabaki 9, kila moja na muongo wake wa karne ya 20, karibu zote katika mtaa wa Hill District, Pittsburgh, alikozaliwa. Wengi huzipanga kwa miongo. Sikubaliani nao. Fuata alivyoziandika, ili Aunt Ester, bibi kizee mwenye hekima, umsikie akitajwa tu katika Two Trains Running, umsubiri, hadi atokee jukwaani mwenyewe katika Gem of the Ocean.