Midomo Ikikauka, Usiilambe

Mtu ambaye midomo yake inakauka na kubanduka, hasa katika baridi kavu ya Juni na Julai kwenye nyanda za juu kama Njombe, huilamba akidhani anailainisha, kumbe mate hukauka upesi na kuondoka na unyevu uliokuwapo, huku vimeng'enya vya mate hayo, vinavyosaidia kusaga chakula, vikiichokoza ngozi hiyo nyembamba isiyo na tezi za jasho. Mtoto mwenye mazoea hayo utamtambua kwa duara jeusi linaloizunguka midomo yake.

Paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato kabla ya kulala na kila baada ya kula. Kigamba kinachoning'inia usikivute kwa meno. Kilowanishe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kisha ukikate kwa mkasi mdogo safi. Ikiwa ulibadilisha dawa ya meno au rangi ya mdomo hivi karibuni, iache kwa wiki mbili uone, kwa kuwa mnanaa na mdalasini huwadhuru baadhi ya watu.

Weusi wa midomo huweza kuletwa na sigara, jua au dawa fulani, ingawa kwa wengi wetu ni rangi ya kuzaliwa tu. Kusugua limau na sukari, ushauri unaopendwa mno, huchubua midomo, na mchubuko ukipona huacha weusi zaidi.

Pembe za mdomo zinazopasuka mara kwa mara huenda zina fangasi au zinaashiria upungufu wa madini ya chuma. Kidonda kisichopona kwa wiki tatu, hasa kwenye mdomo wa chini wa mtu mwenye ualbino, kipelekwe hospitali.