Somo: Mtoto hataki kulala usiku, nimpe dawa ya usingizi?

Wazazi wenzangu, naona wengi mnaulizana dawa ya kumlaza mtoto, naombeni mnisikilize maana mimi yalinikuta. Wa kwangu akiwa na miaka mitatu nilimpa dawa ya mafua ya maji ili alale tu, mafua yenyewe hana, basi badala ya kusinzia akaanza kurukaruka kitandani macho yamemtoka mpaka saa nane usiku. Kumbe hizo dawa kwa watoto wengine zinafanya kinyume kabisa.

Hatua ya 1. Dawa za mafua na aleji ziache. Promethazini, ile dawa ya aleji inayosinzisha, ndo kabisa, chini ya miaka 2 ni marufuku, inaweza kumkatisha pumzi, Marekani waliiwekea onyo kali mwaka 2004.

Hatua ya 2. Tafuta kinachomuamsha, hapa ndo penye kazi. Zima taa, kaa kando yake nusu saa usikilize. Anakoroma, anapumua kwa mdomo? Inaweza kuwa tonsesi au nyama za pua. Anasuguasugua miguu kwenye shuka haitulii? Mwombe daktari apime madini ya chuma. Masikio na ngozi kuwasha pia angalia.

Hatua ya 3. Rekebisha saa. Aamke saa ileile kila siku hata wikiendi. Kama huwa anapitiwa saa nne usiku usimlazimishe saa mbili, mtagombana bure, mlaze hiyo saa nne halafu kila baada ya siku chache wahisha dakika 15. Simu na tivii zima saa nzima kabla.

Hatua ya 4. Ikishindikana muone daktari wa watoto. Anaweza kumwandikia melatonini (homoni ya usingizi), hasa mwenye usonji, dozi ndogo, na ratiba inaendelea vilevile.

MASWALI

Swali: Dada, wangu ana miezi 5 anaamka mara tatu, melatonini inamfaa?
Jibu: Hapana mdogo wangu, umri huo kuamka kunyonya ni kawaida.

Swali: Lakini melatonini ni ya asili jamani, ina shida gani?
Jibu: Ni homoni hiyo. Na za kutafuna zinafanana na peremende, fungia kabatini.

Swali: Nilimpa ya mafua jana usiku, ana mwaka na nusu, mpaka sasa bado kalala.
Jibu: Mwamshe sasa hivi! Akiwa mlegevu au anapumua kwa shida kimbia hospitali, na chupa ya dawa beba, wataiulizia.