Kupumua kwa Diaframu: Acha Kusukuma Tumbo

Diaframu, au kiwambo, ni msuli mwembamba wenye umbo la kuba unaotenganisha kifua na tumbo. Umejishikiza kwenye mbavu za chini, ncha ya kidari na pingili za kiunoni. Ukikaza, kuba linashuka, kifua kinapata nafasi na hewa inaingia. Ukilegea, unapanda na hewa inatoka. Ukiwa umetulia unashuka sentimita 1 hadi 2 tu, kwa hiyo usitegemee kuona tumbo likifura.

1. Lala chali. Kunja magoti, weka mto mmoja kichwani, legeza mkanda.

2. Weka mikono. Mmoja kifuani, mwingine kati ya kitovu na mbavu.

3. Anza kwa kutoa pumzi. Wengi huanza kwa kuvuta, na hapo ndipo mabega hupanda. Bana midomo kidogo, toa hewa polepole kwa sekunde 4 hadi 6. Usiikamue mpaka tone la mwisho.

4. Vuta kwa pua, sekunde 3 hadi 4. Hapa ndipo watu hukwama. Wakiambiwa "pumua kwa tumbo", hulisukuma tumbo nje kwa misuli yake, na hewa haiingii zaidi ya kawaida. Tumbo huinuka kwa sababu diaframu imeshuka na kubana ini, tumbo la chakula na utumbo, navyo vinatafuta pa kwenda. Kuinuka huko ni matokeo, si kazi unayopaswa kuifanya.

Jipime kwa mkono wa chini. Tumbo likiwa gumu, au likiinuka kabla hujasikia hewa puani, unasukuma. Likibaki laini na kuinuka pamoja na hewa, uko sawa. Likiingia ndani wakati unavuta, kifua ndicho kinachofanya kazi. Rudi hatua ya 3.

Bado hupati? Nusa mara tatu fupi fupi bila kutoa hewa katikati, kama unayetambua harufu. Kunusa huiamsha diaframu yenyewe, nawe utaisikia chini ya vidole. Kisha ziunganishe zile tatu ziwe pumzi moja ndefu. Ikishindikana, lala kifudifudi, paji la uso juu ya mikono, usikilize tumbo likigusa sakafu. Kuweka kitabu kizito tumboni sikupendi: kinamfanya mtu ashindane nacho, na kushindana ndiko kusukuma kwenyewe.

Angalia na pembeni pia. Mbavu za chini zinapaswa kufunguka kulia na kushoto.

5. Rudia dakika 5, mara mbili au tatu kwa siku. Ukipata kizunguzungu au ganzi midomoni na vidoleni, unavuta hewa nyingi mno na kaboni dioksidi imeshuka kwenye damu. Pumzika, kisha punguza hewa unayovuta, wala usiongeze kasi.

6. Kaa, kisha simama, kisha tembea. Usihamie hatua inayofuata kabla ile ya nyuma haijawa rahisi.

Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu unaobakiza hewa ndani huwa na diaframu iliyokwisha kuwa bapa, na zoezi hili laweza kumzidishia kuhema. Huyo akae ameinama mbele, viwiko magotini, na atumie midomo iliyobanwa peke yake mpaka aonwe na mtaalamu. Na yeyote anayekosa pumzi kila alalapo chali, akapimwe kabla ya kuanza.