Kuandika riwaya ya vita vinavyomkuta mtu nyumbani kwake

Riwaya ya namna hii usiianze na mlio wa bunduki. Ianze na simu isiyo na mtandao, mama anapiga kwa mara ya tatu, na mtoto bado yuko shuleni. Bunduki wasomaji wengi hawajaisikia kwa karibu, lakini simu isiyopokelewa kila mtu anaijua.

Kabla ya sura ya kwanza mimi huandika kwenye daftari kila kilichomo ndani ya nyumba ya mhusika saa hiyo: maji lita ngapi, chaji ya simu asilimia ngapi, dawa ya pumu imebaki ya siku ngapi, viatu viko wapi. Kila sura ikiisha, napunguza. Msomaji haoni hesabu hiyo, ila uzito wake anausikia.

Kisha jaribu mwenyewe kwa mwili wako. Niliwahi kuandika familia inayokimbia usiku, mama ana mtoto mgongoni na dumu la lita 20 mkononi, nao wakamaliza kilomita 8 kwa saa moja. Sura ilinitia shaka. Nikajaza dumu, nikambeba binti yangu wa miaka 4, nikapanda ngazi. Kufika ghorofa ya tatu kiganja kinawaka pale mshikio unapokaa, na mtoto ameteleza hadi kiunoni kwa sababu mkono mmoja hautoshi kumshikilia. Maji ya lita 20 ni kilo 20! Nikaifuta sura yote. Katika ile mpya, mama anasimama gizani na kumwaga nusu ya maji, taratibu, yasitoe sauti, huku mtoto akimwambia ana kiu. Sijaandika kitu kinachouma kuliko hicho.

Mambo ya silaha yajue machache, lakini yawe sahihi. Risasi ya bunduki ya kivita huenda kasi kuliko sauti, kwa hiyo anayelengwa kwa mbali husikia kwanza mpasuko inapompita, ndipo mlio wa bunduki yenyewe ufike. Mlango wa gari hauizuii. Magazini ya risasi 30 ikifyatuliwa mfululizo huisha kwa sekunde kama 3, basi usimwache mtu afyatue ukurasa mzima.

Mhusika wako asiwe komando mstaafu, tafadhali. Mpe kazi ya kawaida, na kazi hiyo imwokoe mara moja na kumponza mara nyingine: muuguzi anajua kuzuia damu, lakini hawezi kumruka majeruhi aliyelala njiani.

Penye kizuizi cha barabarani, kaa muda mrefu. Hapo hapahitaji risasi hata moja. Andika vidole vinavyoshindwa kutoa kitambulisho kwenye pochi, na kijana mwenye bunduki ambaye naye anatetemeka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe ni vya watu wanaojuana. Huenda kijana huyo ndiye aliyekuwa akimfundisha mtoto wa mhusika wako hesabu, na yeye na mhusika wanajifanya hawakumbuki.

Ukimaliza, isome sehemu hiyo kwa sauti. Pumzi ikikukatikia katikati ya sentensi, weka nukta hapohapo.