Kabla hujalipia mlango wa gereji, jua nani anabeba uzito

Anza na futi ya kupimia. Picha za milango utaziangalia baadaye. Pima gari pana kuliko yote litakaloingia hapo, vioo vya pembeni vikiwa wazi, kisha pima kimo pamoja na keria ya juu. Prado bila vioo inakaribia mita 1.9. Vioo vikiwa wazi, mlango wa mita 2.4 utakuachia nafasi ya kiganja tu kila upande, na usiku wa mvua kiganja hakitoshi. Mita 2.7 ni nafuu, mita 3 ni raha. Kimo cha mita 2.1 kinatosha magari mengi ya nyumbani, ila Hiace ya paa refu italala nje. Amua haya kabla fundi mwashi hajamwaga linta, ile boriti ya zege juu ya mlango. Mlango wa vipande unaopanda na kulala chini ya dari huhitaji pia sentimita 30 hadi 40 za nafasi tupu juu ya linta, na nimeona watu wakivunja zege mbichi kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Aina. Mlango wa mbawa mbili wenye bawaba, ule wanaouchomelea Katwe hapa Kampala au kando ya barabara popote pale, ndio ninaoupendekeza kwa wengi wetu. Hauna springi, haudai umeme, na ukiharibika kila mtaa una fundi wake. Dai bati la geji 16, yaani karibu milimita 1.5, na ulipime mwenyewe kabla halijapakwa rangi, maana rangi inaficha mengi. Dai pia rangi ya kuzuia kutu ipakwe ndani ya kona na chini ya ukingo, sehemu ambazo fundi huziruka kwa sababu hazionekani. Ubaya wake ni kwamba kila ubawa unahitaji nafasi ya kufungukia, na viwanja vya vitongoji kama Najjera na Kira siku hizi ni vyembamba. Mlango wa kujiviringisha kama wa madukani huokoa nafasi, lakini kelele yake itaamsha mtaa mzima. Wa mbao ni mzuri kwa macho. Mvule hustahimili mchwa, mbao nyingine nyingi hazistahimili, na mbao yoyote ikinyonya maji ya mvua za Machi hadi Mei huongezeka uzito.

Uzito ndio jambo lenyewe. Turudi kwenye mlango wa vipande: wa chuma wa gari moja unaweza kupita kilo 60, wa magari mawili ukapita 100. Wenye nyumba wengi hudhani mota ndiyo inayonyanyua. Hapana. Springi ndiyo inayobeba. Mota kazi yake ni kusukuma kidogo na kuongoza. Ndiyo maana mlango uliowekwa vizuri hata mtoto wa darasa la tano anaunyanyua kwa mkono mmoja. Springi nyingi za kawaida hutengenezwa zihimili mizunguko kama 10,000, na mzunguko ni kufungua na kufunga. Kupeleka watoto shule, kurudi, kwenda kazini, kwenda sokoni: ukihesabu mizunguko minne kwa siku, springi haifikishi miaka 7. Muulize muuzaji springi yake ni ya mizunguko mingapi. Akikuangalia kama umemtukana, ondoka.

Mjomba wangu, afande mstaafu anayeishi Bombo, aliweka mlango wa magari mawili wenye mota. Miaka ilipita vizuri. Kisha mota ikaanza kuguna, mlango ukawa unapanda kwa kusitasita, na fundi aliyeitwa akasema kwa uhakika wote, "Afande, mota imechoka. Weka yenye nguvu zaidi." Akaweka yenye nguvu zaidi, akalipa pesa nyingi, mlango ukapanda kama siku ya kwanza, kila mtu akafurahi. Hakuna aliyenyanyua mlango ule kwa mkono aone uzito wake. Springi zilikuwa zinalegea, na mota mpya ilikuwa inazifichia ugonjwa.

Alasiri moja ukasikika mlio mkali gerejini, kama risasi. Katika mji wa wanajeshi mlio wa namna hiyo haupuuzwi. Mzee alitoka, askari wa getini akatoka, wakazunguka ua mzima wakitazama ukuta na paa. Springi moja kati ya mbili ilikuwa imekatika, iko pale juu ya linta, pengo kati ya vipande vyake linaonekana wazi kwa anayejua pa kutazama. Hawakujua. Jioni binamu yangu akarudi na gari, akabonyeza rimoti, mota ikakoroma na kuufikisha mlango nusu. Umeme ukakatika papo hapo. Gari liko kizingitini, pua ndani, mvua inaanza. Binamu akafanya kile alichoelekezwa siku ya kwanza: umeme ukikatika, vuta kamba nyekundu inayotenganisha mlango na mota, kisha unyanyue kwa mkono.

Aliambiwa nusu tu ya maelekezo. Kamba ile huvutwa mlango ukiwa umefungwa, umekaa sakafuni. Mlango ukiwa juu na springi imekatika, kitu pekee kinachouzuia usianguke ni ile mota, na ukivuta kamba umeondoa mkono wa mwisho. Mlango ulishuka wote kwa mara moja juu ya boneti. Binamu alikuwa ameshaweka mkono kwenye ukingo ili anyanyue. Vidole viwili vilivunjika, na mpaka leo kimoja hakikunjiki sawasawa. Boneti ilinyooshwa kwa wiki moja.

Kwa hiyo sikiliza vizuri. Ukikuta mlango umekwama juu, usiguse kamba. Ondoa watu, ondoa watoto, weka nguzo imara chini ya mlango pande zote mbili, kisha ita fundi anayejua milango hii. Simaanishi fundi wa geti. Mchomeleaji hodari anaweza kabisa asijue kwamba springi ile imekazwa kwa nguvu ya kuvunja mkono, na kwamba hukazwa na kulegezwa kwa vyuma maalumu viwili vinavyoingia kwenye matundu yake. Akija na bisibisi na spana, mlipe nauli ya boda boda arudi nyumbani na mikono yake mizima. Zikiwa mbili na moja imekatika, badilisha zote mbili, kwa sababu zimefanya kazi sawa. Na kama springi zako ni zile za kuvutika zilizo kando ya reli, hakikisha ndani ya kila moja umepita waya wa usalama, ili ikikatika isiruke.

Kila baada ya miezi michache fanya jaribio hili: funga mlango, vuta kamba, nyanyua kwa mkono hadi usawa wa kiuno, kisha punguza nguvu polepole bila kuondoa mikono, miguu ikiwa mbali na ukingo. Ukitulia, springi ni nzima. Ukikuelemea, zimechoka, na hapo usikubali kuuziwa mota.

Umeme. Mota bila betri ya akiba katika nchi yetu ni mapambo. Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha saa sita usiku utaelewa. Kama gereji iko peke yake uani na haina mlango mwingine, dai kufuli la nje la kufungulia ile kamba, la sivyo umeme ukikatika hutaingia. Weka kinga ya umeme unaopanda na kushuka, na radi zikianza kunguruma upande wa ziwa, chomoa plagi.

Macho ya usalama, vile vihisi viwili vinavyotazamana chini ya mlango ili usishuke juu ya mtu, yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni. Marekani imelazimisha kinga ya kuzuia mlango usimbane mtu kwenye kila mota mpya ya gereji ya nyumbani tangu 1993. Huku kwetu unaweza kuuziwa mota bila macho hayo, au yakafungwa juu kabisa kwenye dari yakitazamana yenyewe ili yasisumbue. Lala chini uyaone. Kisha weka kipande cha mbao sakafuni, bonyeza rimoti. Mlango ukiigusa mbao lazima urudi juu.

Matunzo ni mepesi. Grisi nyeupe kidogo kwenye bawaba, beringi za magurudumu na springi. Reli usizipake chochote, zifute kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa vumbi la murram likikutana na grisi linakuwa tope. Oli chafu ya injini, ambayo kila fundi anayo kwenye chupa ya soda, ipige marufuku. Kaza nati, isipokuwa zilizopakwa rangi nyekundu, kwani hizo zimeshikilia sehemu zinazovutwa na springi. Tazama waya wa chuma unaonyanyua mlango, karibu na gurudumu la chini. Nyuzi zikianza kuchomoza, acha kuutumia mlango. Sakafu iinamie nje kidogo ili maji yasilale kizingitini.

Jenereta isiwashwe gerejini hata mlango ukiwa wazi, moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Petroli ya akiba isikae humo. Watoto wasichezee rimoti wala kuning'inia kwenye ukingo mlango unapopanda. Chagua rimoti inayobadilisha namba zake za siri kila unapobonyeza. Mlango wa ndani unaoingia jikoni nao uwe na kufuli la kweli. Na ukipeleka gari kuoshwa, ondoka na rimoti mfukoni, pamoja na karatasi yoyote ndani ya gari inayoonyesha unakoishi.