Jinsi ya kuchagua njia ya kufundisha watu wazima: mfano wa kuhifadhi mahindi

Semina yangu ya kwanza ya kuhifadhi mahindi niliifanyia ofisi ya kata, kwa projekta, saa nne hadi saa tisa. Wakulima 40 walisikiliza, wakaitikia, wakala, wakasaini posho. Miezi mitatu baadaye nikapita majumbani. Mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, walikuwa wameinunua kweli, lakini wengi walikuwa wamefunga ule wa nje tu, na dumuzi, wadudu wanaotoboa mahindi, walikuwa wameshageuza punje kuwa vumbi. Hawakuwa wazembe. Kazi ya mikono niliwafundisha kwa maneno matupu.

Tangu hapo naenda hivi.

1. Andika kitendo, usiandike mada. "Uhifadhi bora wa mahindi" haikuambii ufundisheje. "Atambue mwenyewe kama mahindi yamekauka, kisha afunge mfuko wa tabaka tatu bila hewa kuingia" inakuambia.

2. Uliza nani anaifanya kazi hiyo nyumbani. Mwaliko ukipitia kwa mwenyekiti wa kitongoji, watakuja akina baba. Kumbe anayeanika, kupukuchua na kupepeta ni mama. Mwalike yeye, na saa apange yeye. Ulizia pia kwa heshima nani anasoma bila taabu, kabla hujachapa vipeperushi.

3. Oanisha kitendo na njia. Hapa usiharakishe.

Kama ni taarifa tu, mfano siku ya kugawa pembejeo, tangazo la redio au mkutano wa kijiji unatosha. Ukitaka redio ifanye zaidi ya hapo, iundie vikundi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya Tanzania, ya mwaka 1973, ilifanya hivyo: watu walisikiliza pamoja, kiongozi aliyefunzwa akaongoza mjadala, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Kama ni ujuzi wa mikono, fanya onyesho, halafu kila mmoja arudie mbele yako. Mimi huanza na chupa. Tia chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza mahindi hadi theluthi ya chupa, ziba, tikisa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Yarudi kwenye turubai. Kila mshiriki aje na mahindi ya kwake. Mama akiona chumvi imeganda kwenye mahindi aliyodhani yamekauka, huhitaji kumhutubia tena.

Kisha mfuko. Aujaze hewa mfuko wa ndani, aukamue, asikilize kama unavuja. Ashindilie mahindi, asokote mdomo wa mfuko wa kwanza, aukunje, aufunge kwa kamba. Wa pili vivyo hivyo. Mwisho wa nje. Wadudu waliobaki ndani watakosa hewa. Usimsaidie kufunga, hata akichelewa.

Kama ni uamuzi, fanya majadiliano. Punje zenye ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kupika hakuiondoi. Lakini mzazi mwenye debe moja lililobaki hatalimwaga kwa kuwa umemwambia. Uliza: wewe punje hizi huzipeleka wapi? Watataja kuku, watataja pombe. Waache wabishane, wewe leta hoja pale tu mjadala unapokosa ukweli fulani.

Na kama matokeo huonekana baada ya miezi, jifunzeni kwa miezi. Hiyo ndiyo nguvu ya shamba darasa, ambapo wakulima hujifunza pamoja kwa kutazama shamba msimu mzima, lililoanzia kwenye mpunga wa Indonesia mwaka 1989. Sisi hujaza mfuko mmoja wa PICS na mmoja wa kawaida, tunaiacha kwa mwanakikundi, na baada ya miezi minne tunafungua pamoja.

4. Punguza watu. Kwa onyesho, mwezeshaji mmoja na watu 12 hadi 15. Wakizidi, walio nyuma wanatazama migongo. Afadhali urudie mara mbili, hata kama bajeti itasumbua.

5. Pima nyumbani kwake. Pita baada ya wiki tatu. Usimuulize kama anakumbuka. Mwombe akufungie mfuko mtupu, nawe utazame mikono. Wengi wakikosea pale pale, mfano kusahau kukunja mdomo, ni onyesho lako ndilo lilipita hapo haraka. Kikundi kijacho anzia hapo.