Hoho zizae zaidi: mbolea kwanza, busta baadaye

Hoho ikiwa na majani mengi ya kijani kizito lakini maua yanapukutika, usikimbilie busta, yaani dawa ya kupuliza ya kuchochea mmea. Mara nyingi imezidishiwa naitrojeni, au imekosa maji, au joto la mchana limepita nyuzi 32. Busta haitibu joto.

Pima udongo kwanza. Hoho hupenda pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ya 6.0 hadi 6.8. Ukipanda sm 75 kwa 45, ekari moja huchukua miche kama 12,000. Kila shimo litie samadi iliyooza vizuri, viganja viwili, na DAP, mbolea ya kupandia, kizibo kimoja cha soda (takriban gramu 5). Ekari nzima itakula kama kilo 60. Changanya DAP na udongo, kisha funika kwa udongo mtupu kabla ya kuweka mche. Mizizi ikigusa chembe za mbolea huungua, na mche hunyauka hata ukimwagiliwa.

Wiki ya tatu baada ya kuhamisha miche weka CAN, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni, kizibo kimoja, sm 10 kutoka shinani, fukia, mwagilia. Ua la kwanza kabisa, lile linalotokea kwenye panda ya kwanza, lichume. Ukiliacha, tunda lake hunyonya chakula wakati mmea bado mdogo.

Maua yakianza kwa wingi, punguza CAN na uhamie NPK 17-17-17 (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa uwiano sawa), kizibo kimoja kila baada ya wiki tatu. Hoho huvunwa kwa miezi kadhaa, kwa hiyo anayesimamisha mbolea baada ya mchumo wa kwanza asishangae mchumo wa nne ukitoa vihoho vya kutupa.

Kinachowasumbua wengi ni kitako kuoza. Doa huanza kama limelowa maji, likakauka likawa la kahawia hafifu, halafu ukungu mweusi ukalivamia. Likiwa ubavuni, upande unaotazama jua, hilo ni jua limechoma. Dawa yake ni kulinda majani. La kitakoni ni upungufu wa kalisi ndani ya tunda, na kalisi husafiri na maji kutoka mizizini. Shamba linalokauka siku tano kisha likafurika litaoza vitako hata kama udongo una kalisi tele. Sawazisha umwagiliaji, weka matandazo. Nyongeza ni kalisi naitreti, gramu 100 kwa pampu ya lita 20, ukilenga matunda machanga. Usiichanganye na mbolea yenye salfeti au fosfeti: hugandiana na kuziba nozeli.

Sasa busta. Za mwani na humiki (asidi itokanayo na mboji) husaidia mizizi, hivyo zitumie wiki ya kwanza au ya pili baada ya kuhamisha miche. Zenye NAA ni homoni, wala si chakula; hupunguza kupukutika kwa maua. Kipimo ni miligramu 20 kwa lita: kama chupa imeandikwa 4.5%, ni mililita 9 tu kwa pampu ya lita 20. Kuongeza "kidogo ili ifanye kazi haraka" hukunja majani na kuharibu umbo la matunda. Puliza jioni, na maua yakidondoka, kagua thripsi (wadudu wadogo sana wanaojificha ndani ya maua) kwanza kwa kulipukuta ua juu ya karatasi nyeupe.

Acha mistari miwili bila busta, uipe mbolea na maji yale yale, kisha pima mavuno ya kila upande kwa mizani.